Ferdinand Kaijage na Kijiko cha Ivanka

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2008, Ferdinand Kaijage anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi yetu ya tafsiri hapa Riverdale Park. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ametafsiri maelekezo ya dozi za dawa kutoka Kiingereza kwenda Kislovenia. Sisi wa meza ya Kiswahili tumekaa jirani naye muda wote, na bado tunashangaa.

Alizaliwa Bukoba. Alipelekwa Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, enzi za Yugoslavia, kusomea ufamasia, akapanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Ivanka. Alirudi na shahada, pamoja na lugha ambayo Bukoba hakuna aliyeihitaji. Slovenia ilipopata uhuru na kampuni za dawa zikaanza kutafuta watafsiri, kazi ilimfuata huku ughaibuni, Bladensburg, mji jirani na ofisi yetu alikokuwa amehamia. Mteja mmoja kutoka Ljubljana alifika ofisini, akamsalimia kwa heshima, kisha akamuuliza kwa Kiingereza mtafsiri yuko wapi. Ferdinand akamjibu kwa Kislovenia kwamba mtafsiri anakwenda kumletea kahawa.

Hakuidhinisha tafsiri ya dozi kabla haijajaribiwa jikoni. Alimpigia simu Ivanka, akamsomea maelekezo, naye akapima maji badala ya dawa kwa vyombo vyake mwenyewe, kisha akayamimina kwenye kikombe cha vipimo ambacho Ferdinand alimtumia kwa posta.

Mwaka 2003 ililetwa dawa ya maji ya kifafa kwa watoto. Dozi ilikuwa vijiko viwili vya chai, yaani mililita kumi. Mhakiki alikwisha kuipitisha tafsiri. Ivanka akapima vijiko viwili, na kikombe kikaonyesha mililita sita. Jikoni kwake, kama kwa majirani zake, kijiko kidogo, kama tafsiri ilivyokiita kijiko cha chai, ni kile cha kukorogea kahawa nzito. Mtoto angepewa dozi pungufu, na kifafa kingemrudia.

Maboksi yalikuwa yameshachapishwa. Ferdinand alitaka maneno ya vijiko yaondolewe na kila boksi liwekewe kipimo cha plastiki. Kampuni ikatishia kupeleka kazi kwingine.

Msimamizi wetu, Jacqueline Akinyi, alimwendea mezani. "Mzee, hii kitu iko sawa. Weka sahihi tu, hawa watu watatuhama."

"Karatasi iko sawa, Jackie," alisema. "Mtoto ndiye hajapata dawa yake."

Hakuweka sahihi. Mwishowe daktari wa kampuni, aliyekuwa Ljubljana, alijaribu nyumbani kwake kwa kijiko chake mwenyewe, akapata karibu kiasi kile kile cha Ivanka. Maboksi yalichapishwa upya, kipimo kikiwa ndani.

Jacqueline ndiye aliyeufanya utaratibu huo kuwa kanuni ya ofisi, kwa lugha zote. Siku hizi hata sisi wa Kiswahili hubisha hodi kwa akina mama wanaozungumza Kiswahili katika mtaa wa Columbia Heights na kuwaomba watupimie maji. Wengine hutucheka, lakini hupima.

Kazi ya namna hii ikifanikiwa, hakuna kinachoonekana. Slovenia kuna watoto wanaokwenda shule bila kuanguka njiani, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba Mhaya wa Bladensburg aligoma kuweka sahihi kwa ajili yake.

Sisi tunajua, Mzee Ferdinand, na tunakushukuru. Wewe na mkeo Euphrasia mpumzike kwa afya na amani.