Philemon Akonaay na Filamu ya Gendabi

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa dini na wa serikali, wazee wetu shikamooni, mimi ni Nicodemo Akonaay, mwalimu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu. Jana baadhi ya ndugu walinishauri niuruke mwaka 1974 ili tuzike kwa utulivu, lakini sitauruka, kwa sababu kuna mtu anayebeba lawama ya mwaka huo, na mtu huyo yuko hai.

Marehemu Philemon Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 hapa Bashay, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Akonaay Sulle na mama Fransiska, akasoma shule ya misheni kuanzia 1940 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1946, kisha mwaka 1949 akaenda Arusha, akaajiriwa kufagia studio ya picha ya Mhindi mmoja, na baada ya miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha na mwenye studio akinywa chai.

Tarehe 3 Juni 1957 alifungua studio yake Mbulu mjini, karibu na soko, na baada ya Uhuru jina lake likavuma, wakamfuata wanamuziki wa bendi, wakimbiaji waliorudi na medali, wabunge na hata waziri mmoja, wote wakipanda mlima na kula vumbi kumfuata mtu ambaye hakuwa na pazia lenye picha ya ndege wala maua ya karatasi kama wenzake, alikuwa na kigoda, blanketi jeusi ukutani na mlango ulioachwa wazi. Aliwavua saa, kofia na miwani, akawakataza kutabasamu, akakaa kimya nyuma ya kamera hata nusu saa, mpaka mtu achoke kuwa maarufu, halafu akapiga mara moja tu. Mwimbaji Imakulata Joakimu, ambaye mabango yote yalimwonyesha akicheka, kwenye picha ya kaka ni mama aliyefiwa na mtoto, na alipoiona alilia, kisha akaomba nakala tatu.

Tarehe 22 Agosti 1959 alifunga ndoa na Ludovika, aliyekaa pale mbele, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Ernestina, na ni huyu shemeji yangu aliyesafisha filamu katika chumba cha giza, mikono ikibabuka kwa dawa, wakati sifa zikienda kwa mumewe.

Tarehe 12 Septemba 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, ofisa mmoja aliyesimamia uhamishaji huko Gendabi, Wilaya ya Hanang, alimwita ampige picha ya kutundikwa ofisini, kaka akamkalisha kwenye kigoda na kungoja kama kawaida yake, na alipokuwa akingoja, paa la nyumba ya bibi Efrazia likaangushwa nyuma yao, bibi akapiga yowe, ofisa akageuka kutazama, na aliporudisha uso kwenye kamera ulikuwa umelowa machozi, kaka akapiga. Baadaye ofisa akaingiwa na hofu, maana picha ya msimamizi anayelia mbele ya nyumba aliyoamuru ibomolewe ingemwondoa kazini, akaidai filamu, kaka akakataa, kwa sababu alikwisha kumwahidi bibi Efrazia nakala, na nyumba ile haikuwa na kumbukumbu nyingine.

Alikamatwa tarehe 16, akakaa mahabusu siku kumi na moja, kamera ikachukuliwa, na filamu ilikuwa ndani ya kopo la kahawa, chini ya mahindi ghalani, mahali palipojulikana na watu watatu tu, yeye, Ludovika na mimi. Alipotoka alikuta kopo tupu. Hakuuliza, alizoea kungoja mtu ajifunue mwenyewe, lakini tangu siku hiyo hakumruhusu mkewe kugusa filamu yoyote, na ukoo mzima ukaamini kwamba Ludovika amemsaliti mumewe, na bibi Efrazia, ambaye yupo hapa, hajamsalimia mpaka leo.

Mwaka 1976 alianza kukohoa damu, akalazwa Hospitali ya Haydom tarehe 2 Februari 1977, nikaomba ruhusa kazini nikamuuguze, na mchana mmoja akaniomba nivue miwani, akanitazama kimya, muda mrefu, nami nikaanza kuzungumzia mvua. Alifariki tarehe 19 Februari 1977, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, majirani wa Bashay mlioleta kuni na maji, wapiga picha wenzake kutoka Arusha na Babati, na walimu wenzangu.

Filamu niliitoa mimi. Ofisa alinitishia kwamba nitafukuzwa ualimu, nina watoto sita, nikaogopa, nikaenda ghalani Jumapili tarehe 22 Septemba watu wakiwa kanisani, nikampelekea, akaichoma mbele yangu, na Ludovika aliniona nikitoka na ile filamu mkononi, akanyamaza hadi leo ili watoto wangu wale. Shemeji, nakuomba msamaha mbele ya jeneza la mumeo na mbele ya ukoo huu, bibi Efrazia, nakuomba msamaha, na wewe kaka Philemon, ulingoja niseme, nimesema ukiwa hunisikii, Mungu akupe amani niliyokunyima mimi.