Dirisha la Kumi na Moja

Acheni kutazamana hivyo, ninyi wa viti vya mbele hapa kanisani, na wewe Lionel Pym acha kikohozi chako, maana kila nitakachosoma ni kweli, na mwenye shaka, ngazi bado iko pale kwenye ukuta wa jumba.

Marehemu Ambrose Thackray alizaliwa tarehe 3 Februari 1931 kijijini Hallowby, Derbyshire, mtoto wa kwanza wa Jabez na Keziah, wa pili ndiye huyu Winifred anayewasomea. Alisoma shule ya hapa hadi 1945, akitoka na machache kwa kuwa hakuweza kukaa kitako, akaajiriwa uashi katika jumba la Scarholme, akalitumikia miaka hamsini na mmoja. Tarehe 12 Juni 1954 alimwoa Enid, marehemu pia, wakampata binti, Beryl, na Enid alizoea kusema ameolewa na mguu mmoja, mwingine uko ngazini.

Jumba hilo, mnavyojua, lina madirisha kumi na moja juu, la mwisho ni la uongo, vioo vimechorwa kwa rangi nyeusi kwenye plasta ili upande ulingane na mwenzake, na kila masika Ambrose ndiye aliyevipaka upya. Masika ya 1978 ngazi iliteleza, kiwiko kikagonga plasta, ukuta ukaitika kama ngoma, na tangu hapo hakutulia, alipima kwa kamba nje na ndani, futi tisa zikakosekana, akasema nyuma ya dirisha hilo kuna chumba kilichozibwa. Lionel, msimamizi wa jumba, alimpigia kelele mbele ya wageni, "Fundi, leo wenyewe wamekukaribisha chai humo?" naye akamjibu, "Gonga mwenyewe, bwana, mikono unayo." Hakugonga, na ruhusa ya kutoa tofali moja tu alimnyima mara saba.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2002. Tarehe 5 Machi mwaka huu ukuta ulipata ufa, mafundi wakatoboa, wakakuta chumba, chenye meko na kiti cha dirishani, nusu maili kutoka kitanda chake, na hakuna aliyekuja kumwambia. Alifariki tarehe 9, akiuliza kama kuna mtu amegonga. Mimi nimeambiwa jana, na mmoja wa mafundi hao.

Tunawashukuru daktari, muuguzi, majirani walioleta supu, na waashi wenzake wote, Lionel simtaji.

Tulia sasa, kaka, ulisema kweli.

Funguo za jumba, Lionel. Nakwenda kukaa kwenye kiti kile kwa niaba yake. Huu mlango wa kanisa naufunga, nje kuna upepo, nanyi mkitaka kutoka, gongeni.