Buluu ya Bakuli la Mwanvita

Baraza la babu yetu Mwinshehe, hapa Bagamoyo, lilikuwa la mawe na chokaa, kando ya mlango wa mbele. Lilitosha watu wanne wanaopatana au watatu wanaobishana. Jumatano hiyo ya mwisho ya Shaabani, miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, walikaa watatu. Alikuwapo Mwinshehe mwenyewe, ambaye mwanawe Kibwana alikuwa anaoa Ijumaa. Alikuwapo Mwinyijuma, aliyeitwa Nahodha kwa sababu aliwahi kuvuka kwenda Unguja mara moja, akatapika njia nzima, na tangu siku hiyo hakuacha kusimulia bahari. Na alikuwapo Bwanaheri, aliyeitwa Mizani, kwa kuwa alipima sandarusi, ile gundi ya mti, forodhani miaka kumi na minne na hakukubali neno lisilo na kipimo. Katikati yao lilikaa dele la kahawa, na kando ya dele bakuli la kaure la rangi ya buluu. Lilikuwa la marehemu mama yake Mwanvita, bibi arusi. Shangazi yake, Bi Dija, alilileta mwenyewe pamoja na sharti moja: kuta za chumba cha maarusi zifanane nalo, zisififie kama samawati wala zisiwe nyeusi kama kaniki. Zisipofanana, mtoto hatoki kwao Ijumaa. Na baada ya Ijumaa ni Ramadhani. Hakuna arusi mpaka mfungo mosi, baada ya Idi.

Kibwana alitoka ndani, brashi ya makumbi mkononi, nili ya buluu mpaka viwikoni.

KIBWANA: Baba, imepauka tena. Jana nilipomaliza ilikuwa kaniki tupu. Leo asubuhi ni jivu.

MWINSHEHE: Lahaula! Siku ya tano hii!

MIZANI: Nani kapunguza nili? Mimi nilisema vibaba viwili kwa ndoo ya chokaa.

KIBWANA: Viwili ulisema Jumapili, mzee. Jumatatu ukasema kimoja. Jana ukaja na kijiko.

MIZANI: Kijiko nacho ni kipimo.

NAHODHA: Mnahangaika bure na vibaba. Hiyo ni bahari. Buluu ni mali yake, inaidai. Upepo ukiingia dirishani unainyonya. Mimi kule Unguja nimeona mashua imepakwa buluu, mpaka inafika huku, nyeupe pe!

MWINSHEHE: Umeonaje, nawe ulikuwa umelala chali, ndoo kifuani?

NAHODHA: Jicho moja lilikuwa wazi.

MIZANI: Si bahari. Ni kisima chenu, kina chumvi. Chumvi inakula rangi. Mtu aende Zinga akateke maji matamu.

MWINSHEHE: Zinga! Aende Zinga, arudi na ndoo kichwani, nusu imwagike njiani, mimi huku namzuia kadhi?

NAHODHA: Na kile chumba, si ndicho mlichokuwa mkiweka papa mkavu?

MWINSHEHE: Zamani.

NAHODHA: Basi! Papa hajatoka. Amekaa ukutani, anakula nili ya watu.

MIZANI: Hapo sikatai. Papa ratili moja, akila nili kutwa…

MWINSHEHE: Bwanaheri! Usimpime papa asiyekuwepo!

NAHODHA: Au ukuta wenyewe una wivu. Haujapata kuona bibi arusi, unaona haya, unapauka.

MWINSHEHE: Mama yake huyu Kibwana niliingia naye chumba hicho hicho!

NAHODHA: Basi ndio huo wivu. Ukuta umemzoea.

Sauti ya Mama Kibwana ilitoka ndani: "Waambieni hao wazee, vyungu vyangu vyote vina nili! Leo wakae hapo hapo, watakula wali wa buluu!"

Mwinshehe alishika kichwa. Akaliinua lile bakuli, akalitazama, akalirudisha taratibu.

MWINSHEHE: Toka Jumamosi mnanywa kahawa yangu. Mkisema nyeusi, tunatia chokaa. Mkisema nyeupe, tunatia nili. Mtoto wa watu ana kitu kimoja tu cha mama yake, na mimi nimeshindwa kumpa ukuta wa kukitundika.

Nahodha alikirudisha kikombe chini kabla hakijafika mdomoni.

Ndipo alipofika Hieronimo, mchoma chokaa wa kule misheni, pakacha la chokaa kichwani. Hakuwa amepata kusimama kwenye baraza lile.

HIERONIMO: Shikamooni, wazee.

WOTE: Marahaba.

HIERONIMO: Nimeleta chokaa. Nasikia ni pakacha la tano kwa chumba kimoja, nikataka kuona chumba chenyewe ni kikubwa kiasi gani.

Kibwana alimweleza yote: jioni kaniki, asubuhi jivu. Mizani akaongeza kisima. Nahodha akaongeza papa.

HIERONIMO: Lakini chokaa ya rangi ikiwa mbichi huwa nyeusi, wazee. Ikikauka inapauka. Sisi hupaka mahali padogo, tukangoja pakauke, ndipo tukasema ndiyo au siyo. Nyinyi mlijaribia wapi?

KIBWANA: Nyuma ya mlango, Jumamosi. Padogo, kama mkeka wa kusalia. Baba akapaona, akasema kaniki, tukazidisha chokaa.

HIERONIMO: Na sasa pakoje?

Kibwana alimtazama baba yake. Mlango ule ulikuwa wazi tangu Jumamosi, umelazwa ukutani ili mwanga uingie. Mwinshehe alichukua bakuli, wakaingia baba na mwana. Mizani na Nahodha walibaki na mgeni, maana ndani kwa watu si kwao. Siku tano walikuwa wakiamua juu ya ukuta wasiouona, wakiisoma rangi kwenye mikono ya Kibwana.

Mlango wa ndani ulisikika ukifungwa. Kisha Mwinshehe alitoka, bakuli kalikumbatia.

MWINSHEHE: Ndiyo yenyewe. Nimeliweka ukutani, sioni linapoishia.

NAHODHA: Si nilisema! Nyuma ya mlango upepo haufiki!

HIERONIMO: Basi kazi imekwisha. Changanyeni kama ile ya kwanza, kesho itakuwa imekauka. Ile ya kwanza mlitia nili kiasi gani?

Mwinshehe alimgeukia Kibwana. Kibwana alimgeukia Mizani. Mizani aligeukia kikombe chake.

KIBWANA: Jumamosi nilipochanganya, Mzee Bwanaheri alikuwa hajafika. Mimi nilimimina tu.

Mwinshehe aliinamisha dele. Yalitoka machicha.

Bi Dija alikuja Alhamisi. Mwinshehe hakutafuta maneno. Alimpa bakuli, akamwingiza pamoja na Mama Kibwana, akaufunga mlango, yeye akabaki nje. Bi Dija alizitazama kuta tatu na kipande zilizofanana na jivu, akafungua kinywa, kisha akageuka ili atoke. Alisimama pale pale, macho kwenye pale padogo nyuma ya mlango. Mama Kibwana ndiye aliyesimulia kwamba mwenziwe aliliinua bakuli mara tatu na kulishusha mara tatu.

"Litundikwe hapa," alisema mwishowe. "Wifi angepapenda."

"Na mlango?" aliuliza Mama Kibwana. "Ukiwa wazi unapaziba."

"Basi ukae umefungwa. Si maarusi hao?"

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Mizani alishikilia mpaka kufa kwake kwamba kilikuwa kibaba kimoja na robo, na hakuna aliyemwamini. Bibi Mwanvita alizaa watoto tisa katika chumba kile, na kila alipotaniwa juu ya hesabu hiyo, alijibu kwamba asilaumiwe yeye, waulizwe wazee wa barazani.