Fundi Cheche: Asiimbiwe Kabla ya Mwanawe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa mfanyakazi wa kiwanda cha magunia na mkewe mkunga. Anayesoma wasifu huu ni dada yake mdogo. Marehemu alimchagua mwenyewe akiwa kitandani: "Soma wewe. Wengine watanipamba."

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966. Hesabu zilimpiga chenga, lakini katekisimu aliimeza nzima, na ukimgusa tu aliitiririsha bila kuvuta pumzi. Mwaka 1968 aliingia karakana ya reli kujifunza kuchomelea vyuma, akakaa huko miaka ishirini na miwili, kisha akafungua banda lake nyuma ya soko. Madirisha ya kanisa letu na geti lake ni kazi ya mikono yake. Akimaliza kuunga chuma alikipiga nyundo mara tatu kwa nguvu zote, mteja akiangalia. "Kama kitaachia, kiachie hapa hapa," alikuwa akisema.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa mabinti wawili, na mwaka 1986 kitinda mimba wa kiume. Shangazi mtu hatadanganya mbele ya kaburi: mtoto yule alikuwa mboni ya jicho la baba yake.

Kwa miaka ishirini na mitano marehemu alifundisha darasa la watoto kanisani. Likifika somo la jehanamu aliwasha mshumaa, akamwita kila mtoto aweke kidole juu ya ule moto na kuhesabu. Hakuna aliyepita mbili. "Haya," alisema, "sasa hesabu milele." Mliopitia darasa lile mpo hapa, na vidole vyenu mnavijua. Mwaka 1993 ilifika zamu ya mwanawe, umri miaka saba. Alihesabu mpaka tano, machozi yakimtiririka, ngozi ikatoa malengelenge. Kisha akauliza, "Baba, wewe ungeniweka humo?"

"Si mimi, ni Mungu."

"Si umesema Mungu naye ni baba?"

Darasa lilicheka. Marehemu naye alicheka, akazima mshumaa.

Mwaka 1998, akiwa mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama kutetea sheria kwamba mtu aliyetengwa na ushirika akifa kabla ya kutubu, kanisa lisimzike, lisimwombee, wala lisimwimbie. Wa kwanza kukumbwa na sheria hiyo alikuwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, aliyekufa akiwa ametengwa. Mkewe alikuja bandani akapiga magoti kwenye vumbi la chuma. Marehemu alimwambia, "Mama, tukilegeza hapa, watu wataacha kuogopa." Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo linalouma.

Mwanawe alikuwa mtu wa chupa, akatengwa mwaka 2007. Tarehe 17 Novemba 2009 alikutwa amekufa kwenye mtaro, umri miaka ishirini na mitatu. Baba alimwosha mwenyewe. Alipofika mkono wa kulia aliona kovu kwenye kidole, akakaa chini sakafuni, na ilibidi tumalize sisi.

Mchungaji alikuja akiwa mpole. "Mzee, safari hii tunaweza kufumba macho."

"Mke wa fundi baiskeli tulimfumbia?"

Basi kijana alizikwa kimya, bila wimbo hata mmoja, chini ya msalaba wa chuma ambao baba yake aliuchomelea. Mama yake alijifunga kitambaa mdomoni ili sauti isimtoke. Miaka kumi na miwili hajamwimbia mwanawe.

Baada ya hapo marehemu aliliacha darasa, lakini kanisa hakuliacha. Mafundisho aliyoyameza utotoni aliyapiga nyundo kila siku ya Mungu. Kila mhubiri mgeni aliviziwa mlangoni: "Nikifika mbinguni, nitafurahi vipi na mwanangu anaungua?" Wakamjibu kwamba mambo hayo ni ya kumwachia Mungu. "Mbona siku ya kumzika hatukumwachia?" Alikwenda kwa mke wa fundi baiskeli kuomba radhi. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

Mwaka 2019 mapafu, yaliyovuta moshi wa chuma miaka hamsini, yalianza kumsaliti. Muuguzi aliyemhudumia wodini alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Marehemu alimwomba msamaha kwa ule mshumaa. Muuguzi akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini mpaka leo nikikosea kitu, kidole ndicho kinachoniuma kwanza." Marehemu aligeukia ukutani, hakula siku ile.

Alifariki Ijumaa, tarehe 4 Februari 2022, saa nne asubuhi. Msimsingizie kwamba alipata jibu. Hakulipata, na aliogopa mpaka dakika ya mwisho. Aliacha agizo moja: asiimbiwe kabla ya mwanawe. Jumatatu tulilipeleka kwa baraza la wazee. Wamesema sheria ni sheria. Kwaya itamwimbia marehemu peke yake. Tumewashukuru, tumekataa.

Ametanguliwa na mwanawe. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na dada yake huyu. Mjane sasa atasogea kwenye ule msalaba wa chuma, hatua sita kutoka hapa, na kuanza wimbo. Atakayeogopa abaki alipo, hatutamwangalia vibaya. Akishamaliza kwa mtoto ndipo atamrudia baba.

Mungu, wapumzishe kwa amani, na uwapumzishe mahali pamoja. Wifi yangu, anza.