Ifor wa Hafod-las na Maziwa Yaliyobaki kwenye Rafu

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa kanisani humu hadi wengine wamesimama nje, familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Ifor Prydderch, ambaye nyote mlimwita Ifor Hafod-las, kwa jina la shamba lake, kama ilivyo desturi yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 hapo hapo Hafod-las, kijijini Llanfedw, magharibi mwa Wales, akiwa mtoto wa pekee wa mzee Trefor na mama Nesta, akasoma shule ya kijiji hadi Julai 1967, alipoacha masomo kwa sababu baba yake alivunjika nyonga, na ng'ombe hawajui likizo, wangekamuliwa na nani? Tangu siku hiyo kazi yake ilikuwa moja, kukamua asubuhi na jioni, iwe Krismasi, iwe msiba, na hata siku alipofunga ndoa na dada yangu Mairwen, tarehe 10 Juni 1978 katika kanisa hili hili, bwana harusi alifika akinuka zizi, tukamcheka, naye akacheka. Walijaliwa watoto wawili, Heledd, mwaka 1980, na Gethin, mwaka 1984, ambaye tangu utotoni hakutaka kingine ila kurithi zizi lile.

Sasa tufike panapouma. Mwaka 2015 bei ya maziwa ilishuka mpaka Ifor akawa anauza kwa hasara, maana maduka makubwa yalishindana kuyafanya maziwa yawe rahisi kuliko maji ya chupa, na wakulima walipoandamana, duka moja la mjini likakubali kuweka chupa ya pili, ghali kidogo, nyongeza yote imrudie mkulima. Yaliyobaki yalikuwa juu ya wanunuzi, yaani sisi. Ifor alisimama hapa mbele baada ya ibada akatuomba, yeye asiyejua kuomba, tuchague chupa ile ili Gethin apate cha kurithi, nasi tukamwitikia “Chwarae teg, Ifor,” yaani umesema haki, hongera, sifa ambayo huku kwetu tunampa kila mtu, kwa kuwa ni ya bure.

Ijumaa iliyofuata alikwenda dukani kununua mkate, akasimama karibu na friji za maziwa, akawaona watu wa kanisa hili wakipita, wakimsalimu vizuri, wakimuuliza hali ya ng'ombe, huku mikono ikichukua chupa ya bei rahisi, na mmoja wenu, simtaji, alipogundua anatazamwa alimwambia, “Usinichukie, Ifor wangu, maziwa ni maziwa tu.” Alirudi bila mkate, na Mairwen alipomuuliza kulikoni, alisema, “Wananipenda, Mair, ila mapenzi yao yanaishia mfukoni.”

Chupa ile ikasukumwa pembeni kabisa mwa rafu, ambako ipo mpaka leo, na tarehe 14 Oktoba 2016 ng'ombe wote wa Hafod-las wakapigwa mnada uani, Gethin akaenda New Zealand kukamua ng'ombe wa watu, na Ifor akaendelea kudamka na kukaa zizini peke yake, jambo lililotuumiza kuliko mnada wenyewe. Moyo ulianza kumsumbua Januari 2018, akalazwa mara kadhaa, akafariki nyumbani tarehe 2 Machi 2019, mkono wake ukiwa mikononi mwa Mairwen.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wakulima wenzake watakaombeba leo, nanyi majirani, ambao tangu msiba utufike hamjauacha mlango wa Hafod-las, mkituletea keki, nyama na maziwa ya chai ya wafiwa, kwa kuwa mnajua nyumba ile haina ng'ombe tena. Maziwa hayo yamejaza friji, Mairwen ameyatazama chupa baada ya chupa, na yote, jamani, yote ni yale ya bei rahisi. Hatukuyarudisha, ndiyo yatakayotiwa kwenye chai yenu baada ya mazishi, karibuni mnywe.

Lala, Ifor, usidamke tena, hakuna anayekungoja zizini.