Papa Salomon na Kaa Mwenye Watoto

Miaka makumi mbili na munane, Papa Salomon amepiga foto za kaa, kamba, konokono na kila kanyama ka pembeni ya maji, kwa kisiwa kilicho mbele ya Kasongo-Rive. Tarehe mbili ya mwezi wa tano anaachilia kazi kwa biro yetu ya samaki, na sisi wa biro tunacheka na kulia pamoja.

Alianza kama mupiga kasia. Siku mupiga foto wa zamani alihamia Kindu, shefu akauliza nani anaweza ile aparei ya kupigia foto. Papa Salomon njo alinyoosha mukono wa kwanza, na hakujua hata wanaifungulaka wapi! Foto yake ya kwanza ilionyesha kidole chake. Kidole kizuri, lakini kidole.

Ile kazi inaomba kulala tumbo chini kwa matope, bila kutikisika. Siku moja wamama wa soko walipita na mutumbwi, wakaona mutu amelala pale, wakaanza kulia kilio cha matanga. Papa akainua mukono: « Munyamaze basi, wamama! Munakimbiza kaa! » Mama Aicha, muuza mawese, anamuitaka Marehemu mpaka leo. Na Papa anaitikaka.

Vijana wa Salamabila wanafikaka juu ya moto, zile pikipiki zao, wanataka foto za karte ya kitambulisho. Anawapiga foto tu, lakini anawaambiaka: « Simama kimya kama kaa, ndugu yangu. Yeye hanisumbuake. »

Lakini kuko foto moja ilimukimbia miaka yote: kaa mama mwenye kubeba watoto chini ya tumbo. Kila mwaka aliomba wamama wa kisiwa, wenye kuvua na vikapo, wamuletee kaa. Walileta wengi. Mwenye watoto, hapana hata mumoja! Akaanza kusema labda kaa wa muto Lualaba wanaendaka kuzalia kule mbali Kabambare.

Wiki iliyopita, wakati siku za kurudisha aparei zimekaribia, akaomba Mama Célestine wa kisiwa amupeleke kuvua. Kikapo cha kwanza tu: kaa mama, watoto wamejaa chini ya tumbo kama mbegu za boga! Mama Célestine akamutupa kwa maji.

« Mama! Unafanya nini? »

« Ule haiko wa kula, Papa. Mwenye watoto tunamurudishaka palepale. Ni vile tangu wankambo, wazee wetu wa zamani. »

« Na mimi namutafuta tangu nywele zangu zilikuwa nyeusi! »

« Sasa juu ya nini haukusema? Sisi tulifikiri unatafuta mboga ya kulia ugali! »

Papa akacheka mpaka mutumbwi ukataka kupinduka. Kisha wakatega tena, na tena, jua likapanda. Akaingia mwingine. Mama Célestine akamuweka juu ya jiwe: « Haraka, Papa, watoto wanapata joto. » Papa akapiga foto mara moja. Kaa akashuka kwa maji na watoto wake wote. Papa akakaa ndani ya muto na nguo zake, anaonyesha foto kwa kila mutu anapita, hata kwa mbuzi wa Mama Célestine.

Papa Salomon, aksanti sana kwa kila foto na kila kicheko. Wajukuu wako wanakungojea kule Wamaza. Wakushikilie kwa nguvu vile wale wadogo walishikilia mama yao. Enda na furaha, Papa yetu, na ukae muzuri.