Sola kwa Safari ya Bwana Taratibu

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha basi, kile kirefu cha watu watano, kimepandishwa juu ya matofali nje ya karakana ya baba yangu huku Hockley, Birmingham, baina ya fundi wa pete na jamaa wanaochapisha fulana. Baba yangu ni Ussi, kijiweni anaitwa Injinia ingawa kazi yake ni kutengeneza vyerehani, na kila Jumamosi hukaa hapo na wenzake na dele la kahawa ya tangawizi. Miezi miwili sasa hawana mada nyengine ila karavani. Ni karavani kuukuu ya watu wawili, inanuka ukungu, wamepewa bure na mzungu mmoja wa Sutton Coldfield aliyechoka kuiona mbele ya nyumba yake. Wanaikata, wanaitoboa, wanaitia sola. Ni ya Mzee Khatib, Bwana Taratibu, mtu wa Pemba anayesafisha maofisi ya mjini, kwa ajili ya safari yake ya Scotland. Nami nitasema hapa kile ambacho pale hakuna aliyekisema: hakuna safari. Mwenye nyumba wake wa Kingstanding, kule postikodi ya B44, anauza nyumba, na asubuhi ile, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Khatib alirudisha ufunguo wa chumba alichokaa miaka kumi na tisa. Karavani ndiyo nyumba. Sote tunajua. Lakini kumwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba hana pa kulala ni kumvua nguo. Yeye siku ya kwanza alisema "safari", sisi tukaitikia "safari njema", na tangu hapo tumefungwa kamba na adabu zetu wenyewe.

— Wati kumi na moja, alisema Ranvir, akichungulia kidude cha kusomea chaji kilichobandikwa mlangoni mwa karavani.

Ranvir ni Singasinga wa Nakuru, fundi umeme mstaafu. Tunamwita Waya.

— Paneli tatu, kila moja wati mia, halafu zote pamoja zinaleta kumi na moja. Hata taa ya baiskeli inashinda hiyo.

— Mawingu hayo, alisema baba. — Yatapita.

— Yatapita lini, Injinia? Mimi niko hii Birmingham tangu themanini na moja, bado nangoja yapite.

Azizi alicheka. Huyu ni kijana wa Temeke, anapeleka vifurushi kwa gari, na anaitwa Profesa kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kwenye video.

— Tatizo ni engo, wazee wangu. Paneli zimelala chali kama wagonjwa. Nimeona jamaa kazifunga kwenye mota ya kioo cha gari, zinageuka zenyewe kulifuata jua.

— Jua lipi? niliuliza.

— Lolote litakalotokea.

— Na hiyo mota inakula wati ngapi?

— Kama ishirini hivi, ikiwa inazunguka.

— Paneli zinaleta kumi na moja.

— Aa, Wakili naye! Wewe ukipewa maji utauliza nani kayachemsha.

Wananiita Wakili kwa sababu niko kwenye timu ya mdahalo chuoni. Mwezi uliopita nilisimama jukwaani dakika saba nikatetea haki ya makazi, watu wakapiga makofi, nikapewa kikombe cha plastiki chenye rangi ya dhahabu. Kijiweni kazi yangu ni kumimina kahawa.

— Acheni mota, alisema baba. Aliinua kidole, na nikajua tumekwisha. — Nina feni. Nimeitengeneza kwa mota ya mashine ya kufulia. Tunaifunga juu ya paa. Gari likienda, upepo unapiga, feni inazunguka, betri inajaa. Hata usiku. Hata mvua.

— Subiri, baba. Gari linavuta karavani.

— Naam.

— Karavani inazungusha feni, feni inalirudisha gari nyuma, gari linakunywa mafuta zaidi ili feni izunguke.

— Umeona! Umeelewa sasa!

— Na gari likisimama?

— Kwani mtu anakwenda safari ili asimame?

Hapo ndipo ninapochoka. Kwa sababu feni si ujinga wa baba tu. Feni ni matokeo ya neno safari. Mtu anayekwenda matembezi hasimami, hapikii ndani, hana haja ya pahala pa kutundika suruali ya kazini. Kwa hiyo mwezi wa tisa wakaling'oa kabati ili wapate pa kuweka betri sita kubwa za gari la kunyanyulia mizigo, na sakafu yote ikainamia kushoto. Mtu wa wiki moja ana haja gani na kabati? Wiki iliyofuata wakaing'oa hita ya gesi ili wapate pa kuweka inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri. Mtu wa matembezi atajifunika koti. Wakatia spika mbili. Wakatia mkono wa kufungia baiskeli, na Khatib hajui kuendesha baiskeli. Kila kitu kimefungwa kwa ustadi, naapa, Ranvir hajaacha hata waya mmoja ukining'inia. Wamemtengenezea rafiki yao chombo kizuri cha likizo, na likizo hana.

— Baridi je? niliuliza. — Leo ni nyuzi sita.

— Blanketi la umeme, alisema Azizi upesi.

— Wati ngapi?

— Mia.

Sote tukageukia mlango. Kidude cha mlangoni kilikuwa sasa kinaonyesha tisa.

— Vioo! Azizi alirukia. — Tuchukue vioo vya kabati lile, tuvipange ukutani, vimulike, jua lipige mara mbili. Au mara nne! Kioo kinamulika kioo, kioo kinamulika paneli. Tisa mara nne ni thelathini na sita.

— Sasa hiyo vioo utabeba mpaka Scotland? Ranvir alimuuliza.

— Scotland hazihitajiki. Kule jua halizami. Saa nne ya usiku bado watoto wanacheza mpira.

— Juni! nikapiga kelele. — Juni, Profesa! Sisi tuko Oktoba! Mwezi ujao kule ikifika saa kumi ni giza!

— Taratibu, mwanangu, alisema Mzee Khatib.

Alikuwa amekaa katikati ya benchi, koti limepigwa pasi, kikombe amekishika kwa vidole viwili. Asubuhi alikuja na mabegi mawili na sufuria iliyofungwa kwa kanga, akaviingiza mwenyewe ndani ya karavani. Baba alimuuliza: vya safari? Akajibu: vya safari. Baba akasema, sufuria ni jambo la maana safarini.

— Sola ni nzuri, aliendelea Khatib. — Tisa zinanitosha. Nitawasha taa nikitaka kusoma, nikimaliza nizime. Nitajaza simu kazini Jumatatu, pale jikoni kwao hawakatazi.

Azizi aligeuka. Yeye huropoka kabla hajafikiri, ndiyo tabia yake.

— Jumatatu uko kazini? Si ulisema Scotland wiki nzima?

Kikombe cha mzee kiliinama, kahawa ikagusa kidole gumba. Hakukifuta.

— Fyuzi, alisema Ranvir kwa sauti kubwa. — Hapana, sikizeni, fyuzi ile ya thelathini mimi siamini kabisa. Profesa, hebu kuja ushike tochi. Kuja bana!

— Ah, fyuzi, naam! alisema baba. — Fyuzi ndiyo roho ya chombo.

Wakaingia wote wawili na Azizi ndani ya karavani, watu wazima watatu kutazama fyuzi isiyo na kosa lolote. Ikainama zaidi kushoto. Nilibaki benchini na mzee. Sikuwahi kuona kwa macho yangu wema ukifanya kazi ya ukatili namna ile. Wangemkumbatia mtu huyu, wangempa betri zao, wangemshonea hata pazia, na baba kweli alimshonea, la maua ya buluu. Kitu kimoja tu hawakuweza: kulitaja neno nyumba. Nyumbani kwetu kuna sofa. Lipo sebuleni, tupu, kila siku ya Mungu. Kumwambia njoo ulale ni kumwambia tunajua, na akijua kwamba tunajua, hatakuja tena kunywa kahawa. Hivyo ndivyo baba alivyonieleza jikoni, na mama akatikisa kichwa kukubali, nami nilikuwa na hoja kumi na mbili za kuwajibu na sikutoa hata moja iliyofaa.

— Mzee Khatib, nilisema polepole. — Leo usiku...

— Leo usiku kutakuwa na mvua, alinikatiza, na akatabasamu kwa adabu kubwa sana. — Nimeona kwenye simu. Mimina basi, kama imebaki.

Nikamimina. Yalitoka masimbi matupu ya chini ya dele.

Sasa, uwanja ule si wa baba, ni wa karakana zote, na msimamizi alikwishatuambia karavani itoke kabla ya saa kumi jioni, malori yanashindwa kugeuza. Azizi alikuwa amemtafuta mwenzake wa kazini mwenye gari la kuvuta. Saa tisa na nusu likaingia langoni, akashuka kijana mrefu wa Garissa, jina lake Billow, koti la mvua, mikono mikavu, mtu wa kazi. Hakuwa amewahi kukaa kijiweni kwetu. Hakujua lolote.

— Wazee, hamjambo? Mzee, shikamoo.

— Marahaba, baba, alisema Khatib na akasimama.

Billow aliizunguka karavani mara moja. Akapiga teke tairi, akainama kutazama chini, akaitazama feni ambayo baba alikwisha kuitoa nje na kuishikilia kifuani kama mtoto mchanga.

— Hiyo siwezi kuenda nayo juu ya paa.

— Tutaifunga baadaye, alisema baba.

— Sawa. Imeegemea kushoto lakini itavutika, pole pole.

Akafunga mnyororo, akachomeka waya wa taa za nyuma, akazijaribu: kulia, kushoto, breki. Ranvir aliguna kwa kuridhika. Billow akarudi kwenye usukani, mlango wazi, akatoa simu.

— Haya. Nipeni postikodi.

— Ya nini? aliuliza Azizi.

— Ya mahali naipeleka.

— Scotland, alisema baba.

— Scotland gani? Mimi niliambiwa kazi ni ya nusu saa.

Azizi akatazama viatu vyake.

— Ni safari, alisema Ranvir. — Yeye anaenda... kidogo kidogo. Hatua kwa hatua.

— Ni sawa. Hatua ya leo ni wapi? Naishusha wapi leo?

Miezi miwili, watu watatu, paneli tatu, betri sita, spika mbili na pazia la maua, na hilo hatukuwa nalo. Baba alikuwa anaigeuza feni kwa kidole, inazunguka, inasimama. Mimi nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Neno lilikuwa moja, fupi, silabi mbili, kwetu, na nikaufunga mdomo tena kwa sababu mzee alikuwa ananitazama.

— Wazee? alisema Billow. Injini ilikuwa inanguruma. — Postikodi tu.

— B, alisema Mzee Khatib.

Alisema upesi, bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake.

— B, arobaini na nne. Sifuri...

Mkono wake ukaingia mfukoni mwa koti kutafuta ufunguo aliokwisha kuurudisha asubuhi.

— B, arobaini na nne, sifuri, alirudia Billow, kidole juu ya kioo cha simu. — Enhe, mzee? Malizia.